Chipu ya Taifa na Tambara Langu

Haya sogeeni, na wewe wa mwisho acha simu. Kitendawili!

Mmeitikia kwa uvivu, lakini nitatega hivyo hivyo. Mlinzi wangu ni mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hali, halali, hapigi saluti. Siku akifumba jicho, nchi nzima inakufa.

Siafu? Siafu anakula, muulize aliyekanyaga njia yake. Moyo? Labda moyo wa kifaranga. Ufunguo? Hapo umesogea, lakini bado. Basi nipeni mji. Mnanipa upi? Mji mkuu wa Subirini? Huo siutaki, nimeishi humo miaka thelathini na mmoja, nikatoka humo na aibu niliyoifunga kwenye pindo la kanga mpaka leo. Nipeni mwingine, hata mdogo, mradi una maji. Asanteni. Jibu ni chipu ya usalama, ile inayokaa ndani ya kompyuta. Sasa tulieni niwaeleze ilivyofumba jicho, na nani aliyeifumba.

Subirini msiitafute kwenye ramani. Ni nchi ya kutunga, na atakayesema anaifahamu ajue kasema yeye, si mimi.

*

Huko Subirini mtu hahesabiwi kuwa yu hai kwa sababu anapumua. Kupumua ni jambo la binafsi. Uhai unaotambuliwa na serikali ni ule wa Cheti cha Kuwa Hai, chenye mihuri mitatu, kinachotolewa upya kila mwaka. Asiye na cheti hatibiwi, haoi, hashtaki wala hapandi cheo, na akifariki hazikwi, maana huwezi kumzika mtu ambaye haijathibitishwa kwamba alikuwa hai. Wakubwa walilifikiria sana jambo hili. Walisafiri nchi sita kulifikiria, wakarudi wamenenepa kwa mawazo.

Vyeti vyote vya nchi vilitoka kwenye kompyuta moja, katika Idara ya Uthibitisho wa Uhai. Kompyuta hiyo ilikuwa na chumba chake, zulia lake, na picha ya Rais iliyotundikwa kwa kuinamishwa kidogo, ili awe anaiangalia. Mimi, Mwanaheri binti Shomvi, darasa la saba, nilikuwa mfagizi na mpika chai wa Idara.

Kulikuwa na Waraka Namba Tisa, uliobandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu: *Mashine ya Serikali isikutwe imelala, wala isikutwe na vumbi.* Ulitoka baada ya Mkurugenzi, Bwana Lugembe, kufika siku moja akakuta kioo cheusi, akasimama mbele yake robo saa nzima bila kusalimiwa. Tangu hapo kila jioni alisaini daftari, "Mashine iko macho," akaenda kwake. Akishaondoka, mimi nilikuwa naizima, kwa sababu ilikuwa inapata joto nikaionea huruma, nikaifunika kitambaa nilichokifuma mwenyewe, cha waridi na majani ya kijani. Asubuhi naifunua na kuiwasha. Nikaja kuambiwa baadaye kwamba kuizima mashine ile ni sawa na kuiua nchi. Basi mimi niliiua nchi kila jioni na kuifufua kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Sasa nitawaambia nilichofanya, tena mapema, nisije nikaonekana mjanja.

Ijumaa ile kulikuwa na hafla ya kumpongeza Mkurugenzi kwa kupongezwa na Waziri. Mgeni mmoja akamwagia soda kibodi. Jumatatu nilipofika, soda ilishakauka, vitufe vya juu vinanata kama halua. Muda ulikuwa mfupi, Mkurugenzi anaingia saa moja na robo, na waraka unataka mambo mawili, mashine iwe macho na iwe safi. Nikabonyeza iwake, na papo hapo nikaanza kusugua. Huo ndio utaratibu wetu, kuwasha na kufuta kwa mkupuo mmoja. Nilisugua ile safu ya juu kwa nguvu za mtu aliyezoea masufuria.

Kioo kikawa buluu. Sikuwahi kukiona hivyo. Kikajaa maneno ya Kiingereza, na Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye kumsalimia mwalimu. Nikadhani ni uchafu, nikaendelea kufuta. Kila tambara likipita, maneno yanaruka, neno moja likageuka likawa jingine. Kisha kikatokea kidirisha kidogo, kinauliza kitu. Nilikuwa nimemwona Mkurugenzi mara nyingi, mashine ikimuuliza lolote, hasomi, anabonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia. Nami nikabonyeza hicho. Mashine ikazimika, ikawaka tena, ikaleta picha yake ya kawaida ya maporomoko ya maji.

Nikasema alhamdulillahi, nikaenda kuchemsha chai.

*

Saa mbili kasoro Mkurugenzi alipiga kelele, watu wakajaa chumbani. Kompyuta ilikuwa imewaka vizuri, lakini lile kabati la vyeti lililomo ndani yake lilikataa kufunguka. Akaitwa Asumpta.

Asumpta alikuwa fundi wetu. Kwenye barua yake ya ajira aliandikwa *Fundi Daraja la Nne, Feni na Mengineyo*, na kompyuta ya taifa ilikuwa katika mengineyo. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na binti wa miaka minne anaitwa Tumsifu. Kila asubuhi alipita jikoni kwangu, namtegea kitendawili, anakitegua huku anapuliza chai. Hakuwahi kunipa mji hata mmoja. Nilimpenda, na mnielewe hapo, sikumfanyia adui.

"Imeandika nini?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Imeandika chipu ya usalama haionekani, bosi."

"Punguza sauti! Usalama hauonekani, na wewe unatangaza mlango wazi?"

Askari akafunga mlango. Kioo kikawekewa mhuri wa SIRI, mhuri wa wino, juu ya kioo chenyewe, na ilinichukua siku nne kuufuta.

"Ni kitu kidogo tu," Asumpta akaeleza. "Ndani humu kuna chipu inayotunza ufunguo wa kabati. Kila asubuhi inaitambua mashine, inasema, naam, ni yenyewe, fungua. Na kuna programu ndogo, kiendeshi, inayoisaidia kompyuta kuongea na chipu. Ngoja nianze na kiendeshi."

Akakaa. Akakitoa kiendeshi, akakirudisha. Akakitoa tena, akaweka kipya alichokuwa nacho kwenye flashi yake. Mara ya tatu akaegemea kiti, akajikuna sikio.

"Kiendeshi hakina ugonjwa. Kinaita vizuri, ila hakiitikiwi. Kuna mtu ameizima chipu kule kwenye mipangilio ya kuwakia, kile kioo cha buluu kinachokuja ukibonyeza vitufe vya juu inapowaka. Nizime mashine, niiwashe, nikairudishe. Dakika tatu."

Mimi nilikuwa nyuma na sinia. Nikakumbuka tambara langu.

Katika maneno yote yale Mkurugenzi alisikia mawili tu. "Umesema *mtu*. Na umesema *nizime*."

"Ndiyo bosi, nizime halafu..."

"Uizime mashine ya uhai? Watu milioni kumi na tisa wakose uhai kwa dakika tatu ili wewe ufanye majaribio?"

"Hata sasa hivi hawana, bosi. Kabati limefungwa."

"Sasa hivi hawana kwa bahati mbaya. Wewe unataka wakose kwa makusudi!"

Kulikuwa na njia nyingine, mashine yenyewe iliitaja: ingiza tarakimu arobaini na nane za dharura. Tarakimu hizo zilikuwapo. Kwa usalama zaidi ziligawiwa waheshimiwa wanane, kila mmoja sita. Wa kwanza alizisahau lakini hakuwa tayari kukiri, akatoa nyingine zinazofanana. Wa pili alikuwa balozi mbali, akajibu kwamba tarakimu zake ni msimamo wa nchi na hazijadiliwi kwa simu. Wa tatu alizimeza mbele ya mashahidi siku alipokabidhiwa, akapewa nishani. Hao wengine sikuwafuatilia.

Mkurugenzi akamwangalia Asumpta kwa jicho jipya. "Na huyo mtu unayemsema, ni lazima awe anajua kuizima hiyo chipu?"

"Ndiyo. Au bahati mbaya, mtu akibonyeza bila kujua."

"Katika ofisi yangu hakuna anayefanya jambo bila kujua." Akawageukia wote. "Nani hapa anajua?"

Kila mtu akasema hajui. Katika Subirini hilo ndilo jibu la kwanza mtu anafundishwa kazini.

"Wewe unajua," akamwambia Asumpta.

Askari akamshika mkono pale pale. Asumpta alipopita mbele yangu aliniangalia. Nikainamisha kichwa, nikajifanya napanga visosi.

*

Iliundwa Tume ya Kumtafuta Mtu. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Ndondole, aliyewahi kuongoza Tume ya Kuutafuta Mwaka Uliopotea, na hakuupata, lakini ripoti yake ilikuwa na jalada la ngozi.

Wakati Tume inapangiwa viti, nchi ilianza kufa kwa utaratibu. Kila siku vyeti vya watu elfu hamsini vilifika mwisho, na hapakuwa na vipya. Bwana harusi mmoja wa mtaani kwetu aliambiwa na msajili arudi akishakuwapo. Bibi harusi, ambaye cheti chake kilikuwa bado na wiki mbili, akaandikwa mjane ili kuokoa karatasi. Bungeni mbunge mmoja aliinuka kuuliza swali, Spika akamwambia, "Kaa chini, marehemu, uhai wako umeisha jana." Akakaa. Wenzake wakasimama dakika moja kumkumbuka, naye akasimama pamoja nao. Radio ikasitisha matangazo ya vifo mpaka ijulikane nani ana haki ya kufa.

Haya nayacheka sasa. Lakini kwenye geti la hospitali ya mkoa akina mama wajawazito walikaa chini kwenye lami, mlinzi anawaambia kwa upole kabisa, "Mama, daktari haruhusiwi kumgusa asiyekuwapo." Hapo sikucheka. Nilipita na kapu langu nikiangalia upande wa pili wa barabara.

Asumpta alifungiwa stoo ya karatasi, chini ya ngazi. Hapakuitwa mahabusu. Pabandikwe kibao, wakasema, na kibao kikabandikwa: *Chumba cha Kusaidia Tume.*

*

Tume ilikaa Jumanne na Jumatano katika ukumbi wa juu. Mimi nilikuwa humo na chupa ya chai, kwa hiyo nilisikia yote.

"Ndugu wajumbe," Mheshimiwa Ndondole alifungua, "tumekusanyika katika kipindi hiki ambacho ni kipindi. Taifa linatutazama, na sisi tunalitazama taifa, na kutazamana huku ndiko kunakojenga. Chipu siyo kitu kidogo. Ni kweli ni ndogo kwa umbo, lakini hata Subirini ni ndogo kwa umbo!"

Wakapiga makofi. Karani akaandika "makofi", akafuta, akaandika "makofi ya muda mrefu".

Waliitwa maofisa ishirini na wawili. Swali lilikuwa moja: "Asubuhi ya Jumatatu, mashine ilipokuwa inawaka, nani alikuwa mbele yake?" Mhasibu alisema hajawahi kuiona mashine hiyo maishani mwake, japo meza yake imetazamana na mlango wa chumba cha mashine. Ofisa utumishi alisema yeye huingia ofisini kinyumenyume. Mkurugenzi akaapa kwamba mashine haiwaki asubuhi, kwa kuwa haijawahi kuzimwa, na daftari likaletwa, sahihi elfu nne za "mashine iko macho".

"Kwa hiyo," akasema Mwenyekiti, "asubuhi ile mashine haikuwashwa na mtu yeyote, na mbele yake hapakuwa na mtu yeyote, na huyo mtu ndiye tunayemtafuta."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa uzito wa jambo.

Nilikuwa namimina kwenye kikombe chake. Nikasema, na sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani, "Mheshimiwa, mimi ndiye ninayefuta pale asub..."

"Maziwa kidogo tu, mama."

Nikamwekea maziwa kidogo.

Sasa hapa ndipo pangu. Mtu anaweza kusema, Bi Mwanaheri, ulijaribu, hukusikilizwa, kosa si lako. Mwanangu wa kwanza ameniambia hivyo mara nyingi. Lakini nilipokuwa nashuka zile ngazi na chupa tupu, miguu yangu ilikuwa myepesi. Nilikuwa nimefurahi. Nilijiambia, nimesema, wamekataa, basi. Hata wimbo ulinijia, nikauimba mpaka nilipofika mbele ya kile kibao chini ya ngazi.

Jioni hiyo Tume ilitoa uamuzi. Kwa kuwa anayejua kuwasha ndiye pekee anayeweza kuzima, Asumpta binti Kiyabo atafutwa kwenye orodha ya walio hai, moja kwa moja, bila kuandikwa kwenye orodha ya waliokufa. Mtoto wake ataingizwa shuleni kama yatima wa kiofisi. Uamuzi utatekelezwa mara tu mashine itakapofanya kazi.

*

Alhamisi nilimpelekea chai na maandazi mawili. Alikuwa amekaa juu ya mafurushi ya karatasi, ameegemea ukuta, viatu amevua. Askari alinifungulia akarudi kwenye benchi lake.

"Bibi, umemwona Tumsifu?"

"Nimemwona. Yuko kwa dada yako, anakula vizuri. Ameniuliza kama umehamia kazini."

Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Umwambie ndiyo. Nimepewa na chumba."

"Kunywa, mwanangu."

Hakunywa. "Unajua wameniambia nini? Niitengeneze mashine, halafu kazi ya kwanza ya mashine iwe kunifuta. Mkurugenzi alikuja mwenyewe. Anasema nionyeshe uzalendo."

"Ukikataa?"

"Nikikataa, ni kweli mimi ndiye niliyeizima, nimekataa kuirudisha. Na wale kina mama getini wataendelea kukaa." Halafu akanitazama vile alivyokuwa anatazama kompyuta, kama anayepita kwenye orodha, kifaa baada ya kifaa. "Bibi. Siku ile waliponishika, uliinamisha kichwa. Wewe unafika saa moja. Ulikuwa unajua kitu?"

Ningeweza kusema. Askari alikuwa amesinzia, tulikuwa wawili tu, na alikuwa ameuliza kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mimi wa darasa la saba nakielewa.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Bibi..."

"Nimepiga kwa tambara, kaanguka asiyekuwapo."

Nilimtegea kwa sababu nilijua hakuna kinachomshinda. Nilitaka akitegue yeye, ili mimi nisiseme. Nilitaka anitoe lile neno mdomoni kwa mkono wake. Mtu yuko kifungoni kwa ajili yangu, na bado nikataka anifanyie na kazi hiyo.

Akafumba macho. "Leo sina kichwa cha vitendawili. Nimekupa mji. Chukua nchi yote."

"Chai inapoa," nikasema. Nikaondoka.

*

Ijumaa saa tatu habari ikaja iliyonyoosha migongo ya watu wote. Cheti cha Rais mwenyewe kingeisha siku hiyo, saa sita mchana. Ilikuwa imesahaulika, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuandika mahali popote kwamba uhai wa Rais una tarehe ya mwisho.

Idara ikawa kama kichuguu kilichomwagiwa maji. Waziri wa Utulivu alikuja na king'ora. Mheshimiwa Ndondole akapendekeza saa sita iahirishwe. Likaandikwa dokezo, likapigwa kura, na saa za ofisi zote zikarudishwa nyuma, lakini saa ya Waziri ilikuwa ya kigeni ikakataa.

"Mleteni," Waziri akasema.

Asumpta akaletwa, peku, vumbi la karatasi kwenye nywele. Wakamkalisha mbele ya mashine. Nyuma yake walikuwa Waziri, Mwenyekiti, Mkurugenzi, wajumbe, na karani ameshika uamuzi wa kumfuta uliokwisha kupigwa mihuri. Na mimi, na sinia.

"Nikiirudisha," Asumpta akauliza bila kugeuka, "mtanifuta?"

"Kwa utaratibu," akasema Mheshimiwa Ndondole kwa wema. "Utapewa nakala."

"Na wale wa getini watafunguliwa?"

"Baada ya Rais, kwa herufi za alfabeti."

Nilimwona mgongo. Ulikuwa mgongo mdogo, shati limeugandia. Nikafikiri, sasa, Mwanaheri, sasa hivi, sema, ni mimi, mtoeni mtoto wa watu. Neno lilikuwa pale, limekaa juu ya ulimi kama kidonge. Nikafungua mdomo. Mkurugenzi akanigeukia akanyoosha kikombe, nikammiminia chai.

Asumpta akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Waziri na wajumbe walishika pumzi, mmoja akapiga magoti. Akagonga vitufe vya juu, kikaja kile cha buluu, nikakitambua mara moja. Akashuka kwa kidole, mstari, mstari, mstari, akageuza neno moja, akajibu kile kidirisha kidogo, lakini yeye alikisoma kwanza. Mashine ikazimika, ikawaka, maporomoko ya maji. Akafungua orodha ya vifaa. Chipu ilikuwapo, kiendeshi chake kando yake. Kabati la vyeti likafunguka lenyewe, bila hata tarakimu moja ya waheshimiwa.

"Dakika tatu," akasema.

Cheti cha Rais kilitoka saa tano na dakika hamsini na moja, kikapokelewa kwa mikono miwili na watu sita.

Karani akapiga hatua mbele na uamuzi wake. Na hapo simu ikalia kutoka Jumba Kuu. Waziri aliisikiliza amesimama mguu sawa, "Ndiyo Mheshimiwa, ndiyo Mheshimiwa, haswa Mheshimiwa," akaweka chini, akafuta jasho.

"Rais anashukuru," akatangaza. "Anasema yeye muda wote alikuwa hai na hakuhisi tofauti yoyote. Kwa hiyo chipu haijawahi kuzimika. Kwa hiyo hakukuwa na mtu."

Mheshimiwa Ndondole hakuyumba hata kidogo. "Tume ilikuwa inaelekea huko huko."

Basi ikawa hivyo. Kwa kuwa hapakuwa na mtu, hapakuwa na kosa. Kwa kuwa hapakuwa na kosa, Tume haikukaa, ila ilipewa nishani kwa namna isivyokaa. Uamuzi wa kumfuta Asumpta ukachanwa, na vipande vikahesabiwa. Yeye akaletewa fomu ya likizo ya siku tano asaini, sababu ya likizo: *kupumzika.* Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa onyo dogo, kwa kupumzika bila kibali. Akasaini. Bwana harusi wa mtaani kwetu akaoa mjane wake. Getini wakaanza kuita majina kwa herufi A.

Mchana huo huo wote wakaenda kwenye hafla.

*

Nilibaki chumbani nafuta vikombe vilivyoachwa juu ya zulia. Nilikuwa salama. Hakuna nchi duniani iliyowahi kumsafisha mtu namna ile. Hata ningetaka kukiri, hapakuwa na kosa la kulikiri, faili halipo, Tume haikukaa, na mtu mwenyewe ametangazwa na Rais kwamba hayupo. Ningeweza kuzeeka vizuri na jambo hilo. Mngenijua kama bibi yenu mcheshi mwenye vitendawili, basi.

Asumpta akaingia. Amevaa viatu, mkoba begani, anakwenda kumchukua mwanawe. Alisimama mlangoni.

"Bibi."

"Naam, mwanangu. Ngoja nikuwekee chai, iko ya moto."

"Sitaki chai." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinishinda. "Wameondoka wote. Hakuna anayeandika. Hata ukiniambia, sina pa kulipeleka, wameshasema halikutokea. Lakini mimi nimekaa mle ndani siku nne nalifikiria, nimepita kila kitu, kimoja kimoja, na kimebaki kimoja tu ambacho sikujibiwa. Nilikuuliza jana, ukanitegea."

Na kwa aibu yangu yote, kilikuja kitendawili kingine, kizuri tu, kiko tayari.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua," nikamwambia. "Niliizima mimi, kwa kufuta. Nilijua tangu wanakushika mkono, na jana nilipokuletea maandazi nilikuwa najua, na leo, ulipowauliza kama watakufuta, nilikuwa nimesimama nyuma yako, najua."